Mnyororo wa Theluji Mlangoni: Tunamuaga Bwana Sinan bin Humam

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bwana Sinan bin Humam atarudisha funguo za gari la msafara kwa mara ya mwisho hapa kwetu Bawshar, Muscat. Alianza kama fundi wa tairi, akawa dereva, na anaondoka akiwa mkuu wa misafara yetu ya nchi za baridi. Nani angedhani kwamba mji ambamo mchana wa Agosti usukani hushikwa kwa kitambaa kwa joto ungehitaji mtu wa cheo hicho? Lakini wateja walitaka kuiona theluji, tena waifikie kwa magari yao wenyewe, na Bwana Sinan akajifunza kuwafikisha.

Waliopita mikononi mwake hawasahau mafunzo yake. Hufanyika uani kwetu, jua likiwaka. Kila mwanafunzi hutia mikono ndani ya ndoo ya barafu iliyonunuliwa kwa wauza samaki, mpaka vidole vife ganzi, ndipo apewe mnyororo, ule unaovishwa tairi lisiteleze kwenye theluji. Autandaze, autoe mafundo, auvishe tairi, kisha afunge kulabu ya nyuma ya gurudumu kwa kupapasa tu, kwa kuwa mlimani haionekani. Aendeshe gari kidogo, ashuke, akaze tena. Majirani hutuchungulia madirishani wakicheka. Anayefaulu hupewa halua na kahawa. Anayeshindwa hupewa pia, ila baada ya kurudi kwenye ndoo.

Kwenye kahawa ndipo tunapomtania. Kikombe kinachowaunguza wengine, yeye hukishika kama kina maji ya mtungini. Vijana wa ofisini wamembandika jina la Mkono wa Chuma. Wengi wao hawajui jina hilo limetokana na nini, kwa hiyo leo tuwaeleze.

Ilikuwa safari yetu ya kwanza ya theluji, katika milima ya mashariki ya Uturuki. Bwana Sinan alitangulia. Nyuma yake lilikuja gari la mteja wetu Samir, akiwa na mama yake, Bi Wadha, na mkewe mjamzito. Kupanda walipanda vizuri, minyororo ikiing'ata barabara. Huko juu kila kitu kilikuwa cheupe, hata hujui ardhi imeishia wapi na mbingu zimeanzia wapi. Bi Wadha, ambaye hanyamazi hata akiwa anakula, mara hii alisema polepole, "Subhanallah. Hapa nnaona haya hata kukanyaga."

Kisha gari la mbele likakwama katika theluji laini. Bwana Sinan akafanya lile ambalo kila mtu wa Muscat hulifanya bila kufikiri akiingia mchangani: akapunguza upepo wa tairi, na kwa redio akawaambia wenzake wafanye vivyo hivyo. Mchangani ni sawa, tairi laini hutanuka na gari halizami. Lakini tairi lililovaa mnyororo likipungua, mnyororo nao hulegea, kama mkanda kwa mtu aliyekonda. Gari lilitoka, likaanza kushuka, na kwenye kona ya kwanza mnyororo wa mbele ukaruka na kukata bomba la breki. Gari likateleza ubavu mpaka likazuiwa na tuta la theluji, ukingoni kabisa mwa bonde. Gari la kufuata katika kona ile lilikuwa la Samir.

Redio ikalia. "Samir, usitoke hapo! Nnakwambia usitoke. Kosa langu mimi, si lako. Nnakuja."

Akapanda kwa miguu, akivuta pumzi kwa shida. Akavua glovu, kwa kuwa nazo hakuweza kuihisi kulabu. Akalala kwenye theluji ubavuni mwa kila gurudumu, akavua mnyororo, akajaza upepo, akauvisha upya, akakaza. Alipomaliza gari la Samir akaenda la nyuma yake, kisha la nyuma yake tena, mpaka mwisho wa msafara. Wote wakateremka taratibu, salama. Vidole viwili vya Bwana Sinan havijarudisha hisia mpaka leo.

Mnyororo ule ulioruka aliutundika mlangoni mwa gereji, na chini yake akaandika jina lake mwenyewe. Kila mwanafunzi huanzia hapo, na yeye husimulia alivyokosea bila kupunguza neno. Tumeona milima mingi mirefu katika kazi hii, lakini hakuna uliotustaajabisha kama mtu huyu anaposimama mbele ya mnyororo wake.

Yule mke mjamzito ni mimi, Noof, niliyekuja kuomba kazi hapa mwanangu alipoanza kutembea. Mwanangu huyo ni Ghadeer, na mwezi uliopita alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa Bwana Sinan. Alitoa mikono barafuni, akapapasa, akafunga. Bwana Sinan akapima upepo wa kila tairi, akapiga magoti, akakagua kulabu zote kwa vidole vyake vinavyohisi. Kisha akakagua tena. Mimi nilisimama mlangoni nikashindwa kuyazuia machozi.

Ahsante, Bwana Sinan. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe raha ya watoto na wajukuu, na mkeo Bi Khole akuvumilie kukaa nyumbani kutwa. Ukitukumbuka, njoo. Kahawa ipo, na tutaigusa sisi kwanza kujua kama ni ya moto.