Mkwe Asiyetazamwa Usoni

Akech: Haloo, duka la vyombo, Kikuubo, Kampala. Nani mwenzangu?

Oloya: Ni mimi, afande wako.

Akech: Oloya? Mbona namba ngeni?

Oloya: Simu ya rafiki yangu Otema. Aliisahau ndani ya gari aliponiazima. Yangu iko hospitalini, pale waliponivua ile kofia ya nyaya.

Akech: Umesahau simu mahali walipokuwa wanakupima usahaulifu?

Oloya: Daktari mwenyewe akijua atacheka. Lakini sikiliza, nina habari njema. Mama nimempokea!

Akech: [anashusha pumzi] Asante Mungu. Si unajua alivyoapa? "Mkwe asiyejua kunipokea hatajua kukutunza. Akinivunjia heshima narudi Kisumu na basi lilelile, na wewe utanifuata."

Oloya: Basi na lirudi tupu. Mama yuko nyuma, ametulia. Nami sijamtazama hata kidogo, kama mila inavyotaka. Kioo cha kutazamia nyuma nimekigeuzia juu.

Akech: Hapo umefanya vizuri. Mmefika nyumbani Makindye?

Oloya: Tuko Namuwongo, relini. Treni ya mizigo inapita.

Akech: Namuwongo! Kutoka paki ya mabasi kwenda Makindye—

Oloya: Nilikumbuka sigiri yako, lile jiko la mkaa, iko kwa fundi.

Akech: Sigiri nilikuagiza wiki iliyopita!

Oloya: Ndiyo nimeikumbuka leo. Usinigombeze mbele ya mama.

Akech: [anacheka] Banange! Haya, daktari alisemaje?

Oloya: Walinionyesha herufi kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Nibonyeze kitufe kila herufi inapofanana, si na ile iliyotangulia, bali na ile iliyoitangulia iliyotangulia.

Akech: Hata mimi nimekwisha kupotea.

Oloya: Wanaita kumbukumbu ya kazi. Si ghala la mambo ya zamani, ni sinia la kubebea mambo ya sasa hivi. Langu limeinama upande. Ukiweka kikombe kingine, cha kwanza kinateleza.

Akech: Na zile nyaya?

Oloya: Zilionyesha kwamba hapa nyuma ya paji la uso, ambapo ubongo wa wengine huchangamka wanaposhika jambo, wangu unachangamka kidogo. Halafu huku kisogoni, panapohusika na kuona, panafanya kazi ya ziada kusaidia. Daktari anasema baadhi ya watu wazima wenye hali hii ndivyo walivyo. Mimi nikisikia, jambo linatoroka. Nikiliona, linabaki.

Akech: Kwa hiyo si uvivu.

Oloya: Si uvivu.

Akech: Oloya, mara zote zile nilizokuita—

Oloya: Treni imekwisha kupita. Acha tu, nyar Kisumu, binti wa watu.

Akech: Kale, haya. [anajikohoza] Muulize mama habari za safari.

Oloya: Mimi? Nimuulize mama mkwe?

Akech: Uliza huku unatazama dirishani.

Oloya: [sauti mbali, mkwaruzo] ...Haloo? Anasema Kasese mvua ilinyesha usiku kucha, barabara ni mubaya.

Akech: Wapi?

Oloya: Kasese.

Akech: Oloya. Mtu anayetoka Kisumu kuja Kampala, Kasese anaipitia wapi?

Oloya: Labda basi lilizunguka.

Akech: Lizunguke mpaka mpakani na Kongo? Amebeba nini huyo?

Oloya: Kikapu cha makayabo, samaki wa chumvi. Gari zima linanuka chumvi.

Akech: Mama yangu hajui hata makayabo ni nini! Analeta omena, dagaa wa kwetu! Nilikuambia: kitambaa cha kijani, begi jeusi, kikapu cha omena!

Oloya: Mimi nilishika kijani na kikapu. Vyote viwili anavyo!

Akech: Na ile picha niliyokutumia?

Oloya: Niliifunika kwa kidole.

Akech: Uliifunika!

Oloya: Picha ya mama mkwe nitaikodoleaje macho? Kwetu Gulu hata kivuli chake unakipisha.

Akech: Wololo! Umeiba mama wa watu! Afande mzima! Muulize jina.

Oloya: [sauti mbali, kicheko cha mwanamke] Mama Mbambu. Alidhani mwanawe Katembo amemtumia dereva. Anasema alishangaa tu, maana Katembo hajawahi kukumbuka jambo mapema.

Akech: Usikate, simu nyingine ya dukani inalia. [mkwaruzo, sauti yake mbali] Oloya! Ni mama. Ameazima simu ya muuza viatu pale paki. Utingo anaita abiria wa Kisumu. Ameniuliza neno moja tu: "Nipande?"

Oloya: Umemjibu nini?

Akech: Nimesema unakuja. Amekata bila kuaga. Geuza gari!

Oloya: Nimekwisha geuza.

Akech: Afande, unaendesha huku unaongea na simu?

Oloya: Mama Mbambu amenishikia sikioni. Nikukatie?

Akech: Thubutu! Nikikuachia utakumbuka sufuria njiani. Sasa sikia, usishike mambo mengi. Shika moja. Ukifika, umtazame mama usoni.

Oloya: Usoni? Akech, hiyo ni laana!

Akech: Si umesema kichwa chako kinashika kwa macho? Basi tumia macho!

Oloya: Ngoja, Mama Mbambu ana neno. [sauti mbali] ...Anasema kwenye benchi alikaa na mama mmoja wa Kisumu, wakapiga soga vizuri tu. Mimi nilipotokea, yule mama akajitanda leso kichwa kizima, akanigeuzia mgongo.

Akech: Alikutambua.

Oloya: Nani?

Akech: Mama! Mimi nilimwonyesha picha yako. Alijua ni wewe, akajifunika kwa heshima. Akakuona unambeba mwenzake na makayabo yake, na mama mkwe hampigii mkwe kelele!

Oloya: Kumbe mimi nilitazama chini, na yeye akatazama ukutani.

Akech: Ndiyo maana hakusema kitu. Kanyaga mafuta!

Oloya: Nakanyaga. [honi] Ssebo, pisha hapo! [honi] Tumeingia paki. Akech, salio la Otema linakwisha, simu inalia.

Akech: Achana na salio! Unamwona?

Oloya: Naona basi. Naona begi jeusi, mlangoni. Amekwisha weka mguu kwenye ngazi.

Akech: Mwite!

Oloya: Nitamwitaje?

Akech: Oloya, tafadhali.

Oloya: [kwa sauti kuu] Mama! Mama yake Akech!

Akech: ...Haloo? Oloya?

Oloya: Amegeuka.

Akech: Na wewe?

Oloya: Namtazama. Usoni kabisa. Mna pua moja.

Akech: Amekasirika?

Oloya: Sijui. Amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Ameshuka. Anazungumza na Mama Mbambu, ndiye mjumbe wetu sasa, kwa heshima. Anauliza: huyu ndiye mkwe aliyenipita kama nguzo ya umeme?

Akech: Umejibu nini?

Oloya: Nimesema ndiye. Nimemweleza na habari ya kofia ya nyaya.

Akech: Umemwambia? Mimi nimemficha habari za hospitali mwezi mzima! Nilisema umebanwa na kazi!

Oloya: Imenitoka. Sinia limeinama, mpenzi.

Akech: Amesemaje? Oloya, amesemaje?

Oloya: Anaweka begi garini, juu ya sigiri. Anataka Mama Mbambu akae katikati yetu, na Katembo naye angoje kidogo, aonje kusubiri kulivyo. Halafu anasema... [mlio wa salio] ...anasema marehemu baba yako alimsahau sokoni Kibuye, kulekule Kisumu, wiki ya harusi, akarudi nyumbani na mbuzi tu, na bado yeye—

Akech: Bado yeye nini? Haloo? Oloya! Bado nini?