Kwa Nini Kaburi Liko Ng'ambo ya Waya

Ndugu, jamaa na majirani, tangu asubuhi watu wasiopungua kumi wameniuliza swali moja: kwa nini kaburi la kaka yangu limechimbwa huku ng'ambo ya waya wa shamba, karibu na tangi la maji, wakati baba na mama wamelala kule juu, kichwani mwa shamba? Nitajibu. Ila naomba mnivumilie nianze mwanzo, maana marehemu mwenyewe hakupenda jibu linaloruka hatua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba hii hii ya mawe mnayoiona, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi. Baba alilima ngano isiyomwagiliwa, inayotegemea mvua tu, na mvua za huku mnazijua wenyewe. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kusema "kwa nini" kabla hajajua kusema "maji". Tukamwita Kwanini, na jina likamganda hadi kazini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Akiwa darasa la nne alimuuliza mwalimu wa sayansi kwa nini majani ya nyuma ya vyoo vya shule ni ya kijani kuliko ya uwanjani. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia, "Nenda ukasimame huko huko mpaka upate jibu." Akaenda, na kengele ya mwisho ilipolia akarudi na majani ya chooni mkono mmoja na ya uwanjani mkono wa pili, akiwa ameshayapima kwa rula. Alimaliza sekondari mwaka 1969, kisha akasomea ufundi wa mitambo ya maji kwa miaka mitatu.

Tarehe 2 Julai 1973 aliajiriwa katika mtambo wa kusafisha majitaka ya mji, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa kuangalia mabwawa na kushughulikia tope linalotuama chini: kulitibu, kulianika kwenye vitanda vya mchanga mpaka likauke liwe kama udongo mweusi, na kupeleka sampuli maabara. Baada ya hapo lori lilikuja kulibeba na kwenda kulitupa.

Mwaka 1978 maji yalianza kuingia mtamboni kila asubuhi yakiwa meupe kama uji. Wenzake hawakujali. Yeye akalifuata bomba kuelekea linakotoka, mfuniko kwa mfuniko, kwa siku nne, hadi nyuma ya duka moja la mikate. Akabisha hodi. Msichana aliyemfungulia alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Samahani, ni wewe unayeosha mabeseni ya unga asubuhi?"

"Ni mimi. Kuna kosa?"

"Hapana. Nilitaka tu kujua ni nani."

Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1979. Wifi yangu husema hajawahi kumsikia mwanamke mwingine aliyepatikana kupitia bomba la majitaka, na mimi pia sijamsikia. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Baba alifariki mwaka 1999 na shamba likawa mikononi mwa marehemu. Udongo ulikuwa umechoka. Yeye kila wiki alikuwa akisoma karatasi za maabara, na karatasi zilisema kwamba lile tope kavu limejaa naitrojeni, ambayo ndiyo inayoipa ngano rangi ya kijani na kuufanya mkate uumuke. Zilisema pia kwamba vijidudu vya hatari vimekufa na kwamba metali zenye sumu ziko chini ya kiwango cha hatari. Basi akauliza swali lake: kwa nini tunalitupa?

Mwaka 2002, kwa kibali, alimwaga tope shambani. Kwa kuwa ni kaka yangu na nilimpenda, nitasema ukweli: aliboronga. Alilimwaga nene, shamba zima, kama mtu anayepaka siagi ya bure. Ngano ikapanda hadi kiunoni, kijani cha kutisha, majirani wakasimamisha baiskeli kuitazama. Kumbe yale majani yote yalikuwa yakinywa. Ilipofika wakati wa kujaza punje, udongo ulikuwa hauna maji tena, na masuke yakatoka na punje nyembamba za kulisha kuku. Watu walisema ni adhabu ya kulima na uchafu. Yeye aliandika kwenye daftari: "Nimekosea mimi, si tope. Naitrojeni bila maji ni njaa."

Mwaka 2004 akaanza upya, safari hii taratibu. Alipima kanda tatu za upana sawa kuanzia kichwani mwa shamba hadi barabarani. Ukanda wa kwanza hakuuwekea kitu. Wa pili aliuwekea mbolea ya dukani kila mwaka. Wa tatu aliuwekea tope, jembamba, mara moja tu, kisha akauacha. Alitaka kujua tope la siku moja litailisha ngano kwa miaka mingapi. Kila mavuno alipima ukanda wa tatu dhidi ya ule wa kwanza. Mwaka wa kwanza ulizidi kwa kilo sitini na nne. Tofauti ikapungua mwaka hadi mwaka, mwaka wa mvua ikipanda kidogo, mwaka wa ukame ikishuka, na kila mara aliandika neno moja pembeni: "Bado." Yako "Bado" ishirini kwenye daftari lile.

Wifi alioka mikate mitatu, mmoja wa kila ukanda, akaipanga mezani. Wa ukanda wa tatu ulikuwa umeumuka kuliko wa kwanza. Wote walikula isipokuwa mimi. Nilisema sina njaa. Sikuwa na njaa miaka ishirini, na yeye hakunilazimisha, aliniuliza tu, "Unaogopa nini hasa?"

Mwezi Januari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya ini. Wodini aliwauliza wauguzi bomba la hospitali linaelekea wapi. Mwaka jana tofauti ilikuwa kilo tisa tu, akaniambia, "Mwaka huu nadhani itakwisha. Mnipimie." Alifariki tarehe 3 Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ngano ikiwa imekauka tayari kuvunwa.

Ndani ya daftari tulikuta karatasi. Naisoma kama ilivyo: "Msinizike kichwani mwa shamba. Nafasi iliyobaki pale imo ndani ya ukanda wa tatu, na mimi mwenyewe nina naitrojeni nyingi. Mtaharibu vipimo. Niwekeni ng'ambo ya waya."

Nilikasirika. Mtu gani anakataa kulala ubavuni mwa mama yake kwa ajili ya ngano? Nikatangaza mbele ya familia kwamba karatasi si sheria na kaburi litachimbwa juu. Wifi akanitazama, akasema, "Wifi, wewe hata mkate wake hukuula. Njoo kwanza upime, ndipo uamue."

Ilibidi tuvune jana, kwa sababu leo magari yenu yangeikanyaga. Tulikata kwa mundu, tukapura, tukapepeta. Binti yake mkubwa alisoma mizani na mimi nikashika magunia. Tulipima mara tatu, maana tulimsikia akiuliza, "Mna uhakika?" Mara ya tatu namba ilikuwa ile ile, nikakaa chini kwenye mabua. Nilikuwa nimetaka kufukua jambo ambalo kaka yangu alilitunza miaka ishirini bila kuligusa. Nikawaambia wachimbaji wavuke waya. Jioni nikala vipande viwili vya mkate wake. Ni mkate. Nisamehe, kaka, kwa kuchelewa.

Binti akanipa kalamu, akasema, "Shangazi, andika wewe."

Marehemu ameacha mjane, ambaye bado anaoka. Mabinti wawili na mwana mmoja. Wajukuu watano, mmoja wao ana ugonjwa wake wa maswali. Dada mmoja, ambaye ni mimi. Na daftari, ambalo kuanzia jana liko kwangu. Tunaomba mtakapoondoka mzunguke upande wa barabara, msikatize kwenye kanda.

Pumzika kwa amani, kaka. Ukanda wa tatu umezidi kwa kilo saba. Bado.