Sista Zagorka na Robo Saa ya Kifungua Kinywa

Tarehe 30 Septemba 2019, baada ya miaka thelathini na nne katika chumba cha huduma ya kwanza cha kiwanda chetu cha mashati hapa mjini Shtip, muuguzi wetu Sista Zagorka Mitreva anastaafu. Naandika mimi Sevda, msimamizi wa mstari wa kushona kola, niliyegombana naye kuliko mtu yeyote humu ndani.

Alipoanza kazi alikuwa mkali wa madirisha. Sote tuliamini kwamba upepo upitao dirisha hadi dirisha, pamoja na kiti cha baridi, ndivyo vinavyoharibu uzazi. Hata Julai tulishona madirisha yamefungwa, tumekalia mito ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Mshonaji akisema hedhi imekatika, Sista humwongezea mto. Pavlina wa mashine ya kumi na nne alifikisha mitatu, tukamtania kwamba atagusa dari.

Pavlina hakucheka. Alikuwa na miaka sita ya ndoa, miezi minane bila hedhi, na mama mkwe asiyenyamaza. Mwaka juzi, wakati wa Kwaresima, alizimia kazini.

"Umekula nini leo, binti yangu?" Sista akamuuliza.

"Kahawa."

"Na jana?"

"Kahawa, na pilipili za siki. Nikishiba nasinzia, Sista. Nikisinzia sifikishi idadi, na Sevda huyo ananipigia makelele."

Mwezi mzima Sista alizunguka na daftari, akiandika kila mshonaji anakula nini na analala saa ngapi. Akalipeleka kwa daktari wa wanawake, akarudi macho mekundu. Alitueleza kwamba mwili ukikaa na njaa na wasiwasi kwa muda mrefu, ubongo huweza kuacha kuziagiza ovari zipevushe yai. Upepo haukuhusika.

"Miaka yote hii nawagawia mito," alisema, "kumbe mna njaa!"

Siku hiyo ndipo tulipojua kwamba yeye pia, ujanani, aliishi kwa kahawa na zamu mbili, hedhi ikakatika, akajifunika sufu na kungoja mtoto ambaye hakuja. Niliumia sana.

Akadai robo saa ya kula, saa tatu asubuhi. Nikamjibu hiki ni kiwanda, si hoteli. Kesho yake alikuja na sufuria ya maharage, akasimama mbele ya mstari wangu.

"Zima mashine, mama, au nikulishe wewe kwanza."

Wiki ya tatu nilizima. Idadi ya kola nayo nikaipunguza, shingo upande.

Si wote waliofanikiwa. Wengine walihitaji dawa, na wawili bado wanasubiri mtoto. Hedhi ya Pavlina ilirudi baada ya miezi saba, na Juni mwaka huu alijifungua binti.

Kwetu msimamizi wa ubatizo ndiye ampaye mtoto jina, na heshima hiyo hurithiwa ndani ya ukoo mmoja. Pavlina aliwaendea wenye haki hiyo na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, akawaomba wamwachie Sista. Wakakubali.

Sista Zagorka, nisamehe ukaidi wangu. Asante kwa kila sahani. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha. Jumapili, kwenye ubatizo, padri atakugeukia akuulize mtoto anaitwa nani. Uliniambia jina unalo tangu ukiwa na miaka ishirini na sita. Litaje kwa sauti.