Siku Kipa Alipobeba Sahani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu, waheshimiwa wajumbe wa kamati, Kocha wetu, baba wa watoto usiowazaa, wachezaji wa leo na wa zamani, mliobaki na magoti mazima na mliobaki na hadithi tu, mashabiki ambao sauti zenu zimekauka kabla sherehe haijachangamka, wazazi wenzangu, na wewe mhudumu uliyekaa safu ya mbele, ambaye leo humhudumii mtu yeyote: nawasalimu wote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa cha shemeji.

Mwenyekiti amenipa dakika tano. Amenionya pale mlangoni, kwa adabu kabisa, kwamba nishukuru, nisimseme mtu, na jambo la kesho nisiliguse. Nimemjibu, "Sawa, mwanangu." Wanaonijua wanajua sawa yangu ina maana gani.

Mimi ni mama yake Komeo. Nalisema polepole ili lisikike hadi jikoni. Miaka kumi na minne amesimama kati ya milingoti ya klabu hii, na leo anatundika glavu. Nasikia washambuliaji wa timu nyingine jana wamelala usingizi wa watoto. Glavu zake za kwanza nilizishona mimi, kwa koti la mvua lililochanika, kwenye cherehani yangu inayokohoa kama mzee anayetaka kuanza kikao. Kwa hiyo kila mnapotaja mipira aliyoidaka, nami nitajeni. Shuleni sikukaa sana, msisubiri maneno makubwa. Nimeleta ya ukubwa wa kawaida, ila ni mengi.

Vijana wa sasa hamjui, ngoja niwaambie. Zamani klabu hii haikumpokea mchezaji kwa mkataba peke yake. Alikuja na mtu wake: mama, baba, mjomba, dada mkubwa, yeyote aliyemlea. Pale kwenye geti la chuma la uwanja wa mazoezi, lile linalogoma kufunguka mpaka lipigwe teke, mtu wako aliushika mkono wako akauweka kwenye mkono wa Kocha, akasema, "Huyu ni wenu." Kocha akajibu, "Ni wetu sote." Basi, yameisha. Kama ulikuwa na ndevu, ulishikwa mkono na ndevu zako.

Mwanangu nilimleta akiwa na miaka kumi na saba, mrefu kuliko geti lenyewe, amenuna kwa aibu. Nikauweka ule mkono wake, mpana kama kifuniko cha sufuria, kwenye mkono wa Kocha. Niliondoka pale nikitembea katikati ya barabara, magari yakinipisha. Nilidhani yananipisha kwa heshima.

Sasa wapo waliodhani kwamba leo nitaipita mbali habari ya mgahawa. Nitaipitaje mbali, na mhudumu mwenyewe nimemkalisha mbele? Komeo mwenyewe ameniambia niiseme. Amesema nikiiacha, ndipo watu watakapoikumbuka zaidi.

Ulikuwa msimu wake wa nne. Alikwisha kuwa mtu wa kupigwa picha akinunua dawa ya meno. Jioni moja baada ya ushindi akaingia na wenzake kwenye mgahawa ule wa kona, mkabala na duka la vioo, akataka meza ya dirishani. Mhudumu akamweleza kwa upole kwamba meza ile ina wenyewe, familia inamleta bibi yao aliyetoka hospitali. Mwanangu akamuuliza kama anajua anazungumza na nani. Mhudumu akasema anamjua sana, tena ni shabiki wake, lakini bibi naye ana meza yake. Wenzake wakacheka. Na kicheko cha wenzako, ndugu zangu, kimewaponza wengi kuliko pombe. Mkono ule nilioukabidhi ukanyanyuka, ukampiga mtu kofi mbele ya sahani zake.

Kulipokucha, kofi lile lilikuwa kwenye kila simu mjini. Mimi nilitumiwa na wifi yangu, ambaye kwa habari njema huwa hana bando.

Nusu fainali ilikuwa Jumamosi inayofuata, na klabu ikapasuka vipande viwili. Wa kwanza walitaka yafunikwe: mhudumu apewe kitu mkononi na jezi yenye saini, yaishe, maana mechi kwanza. Wa pili walimwogopa mdhamini, wakataka kijana afukuzwe leo leo na picha yake ing'olewe ukutani kabla gundi haijakauka. Walitukanana sana, lakini mimi niliona wote ni wamoja. Mmoja anasukumia taka chini ya mkeka, mwingine anazirusha kwa jirani. Hapo nani amefagia?

Kocha hakubishana na yeyote. Alinipigia simu akasema, "Mama, njoo getini."

Hebu fikirini. Mwanamume mzima, ana gari, ana nywele za rangi tatu, ameitiwa mama yake kama mtoto aliyevunja dirisha la shule. Nami nilikwenda nimejipanga, maana mtetezi kama mimi hata mahakamani hayupo. Kocha hakunipa nafasi ya kufungua mdomo. Aliushika mkono wa mwanangu akaurudisha kwenye wangu.

"Mkono huu ulinipa wewe," akasema. "Umempiga mtu wa watu, na hautadaka mpira wangu mpaka huyo mtu aseme. Nenda nao, mkautazame pamoja."

Utetezi wangu wote ukarudi tumboni. Tukaenda nyumbani, nimemshika mkono njia nzima, na hakuthubutu kuutoa.

Kisha Kocha akafanya jambo ambalo ningependa liandikwe juu ya mlango wa kila klabu duniani: alikwenda kumuuliza aliyepigwa. Kwanza alimwambia kwamba polisi wapo, na akitaka kwenda, klabu itamsindikiza na haitamnunia. Mhudumu akaomba muda wa kufikiri. Aliporudi, hakutaka pesa wala jezi. Alitaka mwanangu aje aseme alichofanya, mle mle ndani, watu wakiwa wamejaa. Halafu akaongeza kwamba yeye ni shabiki tangu utoto, lakini Jumamosi ndiyo zamu yake kubwa, hajawahi kuiona klabu yake ikicheza ila kwenye televisheni ya mgahawa, tena kwa jicho moja. "Basi afanye zamu yangu," akasema, "mimi nikatazame mpira."

Mnaona busara hiyo? Kofi lilimvua mtu heshima mbele za watu, na mbele za watu ndiko heshima ilikopaswa kurudishwa.

Kwa hiyo siku ya nusu fainali, kipa namba moja alikuwa amefunga aproni, na mhudumu amekaa pembeni yangu jukwaani. Kukaa kwenyewe kulimshinda. Kila aliyepita na glasi alitaka kumpokea. Kipa wetu wa akiba alijitahidi, Mungu ambariki, lakini bao la pili lilipita katikati ya miguu yake likienda taratibu, kama mgeni asiye na hakika kama nyumba ni hiyo. Mhudumu akashika kichwa, akasema kwa sauti, "Angekuwepo yule, angelidaka." Akanitazama. Nikamtazama. Tukacheka mpaka waliokaa mbele yetu wakageuka, wakadhani tumechanganyikiwa, klabu inafungwa sisi tunacheka.

Naam, tulifungwa, tukatolewa. Silifichi hilo, kwa sababu wapo wanaodhani haki ni kitu cha bure. Ina gharama, na siku ile klabu hii ililipa uwanjani, kila mtu akiona. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulilia mara moja, tukanyamaza.

Jioni tukaenda mgahawani, mimi na mhudumu. Mwanangu alikuwa amekwisha kusema yake mbele ya wateja, amesimama katikati ya meza, na sasa alikuwa amebeba sinia, jasho linamtoka kuliko siku za penalti. Hata matokeo hakuuliza kwanza.

"Mama," akaniambia, "tangu mchana hakuna aliyeniita kwa jina. Wananiita kwa vidole."

Mhudumu akampokea lile sinia taratibu. "Na hujavunja hata glasi moja," akamwambia. "Una mikono mizuri. Itumie."

Jumatatu nikampeleka tena getini, na safari hii tulimsindikiza wawili, mimi na mhudumu. Huo ndio mkono ambao tangu siku hiyo umevaa kitambaa cha unahodha, umedaka penalti tatu katika fainali moja, na umewashika wachezaji wangapi waliotaka kupotea? Nyie wenyewe mnajijua, mlioletwa kwangu mkala, mkasemwa, mkaoshwa vichwa na kurudishwa mazoezini. Sitaji majina. Mmoja wenu amekaa karibu na spika anainamisha uso.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila kosa liishie kwenye sinia. Kuna makosa ambayo klabu ikiyapatanisha, klabu nayo imekosa. Anayempiga mkewe, anayemgusa mtoto wa mtu, huyo aende mbele ya sheria, na klabu isisimame mlangoni kumkinga hata kama anafunga mabao akiwa usingizini. Mama wa kweli naye asisimame mlangoni.

Mwenyekiti anatazama saa. Ni saa nzuri, mwanangu, inakupendeza, lakini nilisema sawa, na sasa mtaijua.

Wote mmesikia, na asiyesikia asikie kwangu. Wiki iliyopita winga wetu Kiberiti, ambaye jina linamtosha, aliendesha gari bila leseni, akaparamia kibanda cha fundi viatu, akakimbia. Fundi alikuwa amevuka barabara kununua gundi. Angekuwa ndani, leo tungekuwa tumevaa nguo nyingine. Kesho kamati inakaa. Jumapili ni fainali. Na ninasikia vile vipande viwili vimerudi, vimebadilisha makoti tu: hawa wanataka yafunikwe mpaka Jumapili ipite, wale wanataka kijana atupwe nje kesho.

Juzi nilipita kwa fundi viatu. Amekaa kwenye kiti juani, mbele ya mbao zake zilizovunjika, anashona. Nikamuuliza klabu imemwambia nini. Akasema alikuja mtu mmoja, msafi, kumwomba asizungumze na waandishi wa habari. Anataka nini yeye? Hakuna aliyemuuliza. Waheshimiwa, klabu iliyowahi kumuuliza mhudumu imeshindwa kumuuliza fundi viatu?

La leseni ni la polisi, na Kiberiti aende mwenyewe, kwa miguu yake. La kibanda ni la fundi, aulizwe yeye. Na Jumapili kijana asicheze. Najua, nimewasikia mkiguna. Tukifungwa, tumefungwa, mimi nimekwisha kufungwa nikicheka. Mkinifungia geti kwa kusema hivyo, nalijua linapopigwa teke.

Ila kabla hamjakaa kesho, nijibuni swali moja la mama asiye na vyeti. Kiberiti aliletwa hapa na nani? Siku hizi wanakuja na wakala. Wakala wake alikuwa na viatu vinavyong'aa, akasaini, akaondoka, na tangu ajali ile simu yake haipatikani. Hakuna aliyeushika mkono wa yule mtoto pale getini. Hakuna aliyesema, "Huyu ni wenu," na hakuna aliyejibu. Sasa mtamrudisha kwa nani? Kesho mtamfukuza mtu ambaye hamjampokea?

Mama yake yupo humu ndani. Amekaa nyuma ya nguzo ile, na mkoba wake ameukumbatia kama anasubiri gari. Nimemleta mimi, Mwenyekiti, usimlaumu mlinzi. Mama, simama. Usiwaogope, wengi wao nimewashonea suruali nawajua viuno. Na wewe Kiberiti, toka huko kwa wenzako, njoo na ndevu zako tatu.

Kocha leo ananirudishia mkono wa mwanangu, safari hii kwa furaha, na ninaupokea mzima, una makovu machache na heshima nyingi. Lakini Komeo anabaki klabuni kama mlezi wa wachezaji, na mlezi hawezi kuanza kazi mikono mitupu. Mama mwenzangu, mshike mwanao mkono. Uweke kwenye mkono wa wangu. Sema maneno, unayajua, tumeyafanyia mazoezi njiani.

Komeo, mwanangu, mjibu kwa sauti, kamati isikie. Halafu kesho asubuhi, kabla ya kikao, mshike hivyo hivyo mpaka kwa fundi viatu, mkamuulize.

Mimi nimemaliza. Mwenyekiti, dakika zako nimezitumia zote na za watu wengine watatu. Namshukuru Kocha, namshukuru mhudumu, nawashukuru nyote kwa masikio yenu, na sasa ninashuka, nawaomba mnyamaze kidogo, tumsikie mama yake Kiberiti.