Kapteni Shamte na Jangwa la Namibia

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Kilindoni, kisiwani Mafia, ubavuni mwa duka la vipuri la Fakhruddin, na kimejaa watu wanaojua kila kitu. Wiki iliyopita tulilivuka jangwa zima la Namibia kabla ya adhana ya adhuhuri, kwa gari, bila kuinuka kwenye benchi. Mwenye safari ni Shamte. Tunamwita Kapteni kwa sababu aliendesha boti ya doria ya hifadhi ya bahari mpaka alipostaafu. Binti yake Somoe anakaa huko, mji wa Walvis Bay, kaolewa na kijana wa huko aliyekuja Mafia kuhesabu papa potwe. Siku ya nikahi Kapteni, kwa kutomtaka mkwe, alimwachia mdogo wake asimamie, yeye akawasha boti akaenda doria. Mwaka wa sita huu baba na binti hawasemezani. Sasa mwezi uliopita mdogo mtu kamwonyesha picha kwenye simu: mjukuu wa kiume, jina lake Shamte. Tangu hapo mtu hali, halali, anataka jangwa tu.

— Nimeshapanga, akasema Kapteni. Navuka na kivuko mpaka Nyamisati, nashika Mbeya, Tunduma, Zambia yote, halafu jangwa. Na jangwa ni bahari iliyokauka, basi.

— Gari nakupa, akasema Fakhruddin. Jipu langu lile. Halijaniangusha hata siku moja.

— Halijapita Utende, hapa hapa kisiwani, hata siku moja, nikamwambia.

— Ndiyo maana bado zima.

Injinia akasogeza kikombe. Huyu ni Kheri, fundi wa mashine za boti. Boneti ya gari hajaifungua maishani.

— Mafuta niachieni mimi, akasema. Petroli madumu kumi, kila dumu natia oili yake, nakoroga.

— Oili kwenye petroli ya gari? nikamuuliza.

— Injini ni injini, bwana. Za boti zinakunywa hivyo mwaka wa ishirini huu, umesikia zimelalamika? Madumu ya maji nyuma, ya petroli mbele, gari lisiinue pua. Ndiyo wahenga wakasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Hakuna aliyeuliza ngama, tumbo la jahazi, inahusiana vipi na jipu. Tukaitikia, maana alisema kwa sauti ya mtu aliyesomea.

— Na njia? nikauliza.

— GPS, akasema Kapteni. Naweka nukta Walvis Bay, nafuata mstari mmoja. Barabara ni za watu wasio na GPS.

— Ukikutana na kilima cha mchanga?

— Nakipanda kwa pua. Sikipi ubavu.

— Upunguze upepo matairi, akasema Fakhruddin. Mpwa wangu Azhar kaona kwenye simu.

— Matairi ya nini? akadakia Injinia. Tuyavue, tufunge maboya. Umeona wapi boya likazama?

— Na usiku natia nanga, akasema Kapteni.

— Nanga, Kapteni? Kwenye mchanga?

— Mchanga unatembea, wewe. Ulale Namibia, uamke uko Angola, uanze kuulizwa pasi.

Fakhruddin akashusha pumzi.

— Ndiyo hivyo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

— Maji ndiyo hayapo huko, nikamwambia.

— Basi ndiyo hujui kabisa.

Mimi watu wa namna hii huwa wananiudhi, nasema kweli. Lakini kikombe cha tatu nikajikuta nimeahidi kubeba mchele na samaki wa ng'onda, na siku ya kuondoka tumeshaichagua, Jumatatu.

Ndipo akatoka dukani Mahjabeen, binti Fakhruddin, na ufunguo wa jipu mkononi. Yeye na Somoe walisoma dawati moja. Alikuwa karudi kutoka Dar asubuhi ile, habari zetu hana.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Baba, ufunguo huu wa safari gani?

Tukamweleza, kila mtu akimkata mwenzake, kuanzia kivuko mpaka nanga. Kwenye maboya alicheka. Kisha akamgeukia Kapteni.

— Baba Somoe, na Somoe mwenyewe anasemaje?

Injinia akachungulia ndani ya kikombe. Fakhruddin akaupokea ufunguo, akauweka benchini, akauchukua tena. Nami nikamtazama muuza kahawa, naye anamimina machicha.

— Hajui, akasema Kapteni.

— Namba yake ninayo. Juzi tu tumeongea.

Kapteni akanyoosha mkono, mkono ule ulioshika usukani miaka yote. Nilimwonea huruma, nilitamani tumrudishe kwenye madumu na vilima vya mchanga. Mahjabeen akabonyeza namba, akampa simu.

— Jangwa naliweza, mwanangu, akamwambia Mahjabeen, akaishika simu kwa mikono miwili. Akatutazama, mmoja mmoja, benchi zima.

— Naanza na neno gani?

Tukatazamana. Simu ilikuwa imeshaanza kuita.