Mkono Unauma

Wapendwa, Bwana asifiwe. Leo nasema yote, maana nikipumzika kidogo tu nitaogopa na kukaa chini.

Mlinijua kama mzee wa kanisa. Msilolijua ni kwamba nilipogombea udiwani, kila mkutano nilifungua kwa sala, na kiunoni nilikuwa na hirizi. Ndiyo! Msigune kwanza, bado. Nilimuaga mke wangu kwamba nafuata mahindi Handeni, kumbe naenda kwa mganga. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Usiguse udongo wa kaburi mpaka kura zihesabiwe."

Nikaona rahisi. Wiki moja kabla ya kura, mama mkubwa akafariki, yeye aliyenilea tangu mama yangu alipokufa.

Makaburini mchungaji akaniita wa kwanza. Nikaficha mikono nyuma. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba, weka udongo." Nikasema mkono unauma. Akaitwa mpinzani wangu, Mwislamu wa swala tano, hotuba haanzi bila Bismillahi. Akasita, akatazama chini. "Samahanini," akasema, "mkono unauma."

Jamani! Tulitazamana hapo juu ya jeneza. Nikajua, naye akajua kwamba nimejua. Mganga mmoja, sharti moja, na ushindi uleule katuuzia wote wawili!

Ndugu zangu, nawaambia, hata baada ya kujua hivyo sikuinama. Aliyeinama ni mgombea wa tatu, mwalimu mstaafu. Alichota udongo kwa viganja viwili, kisha akaenda kuosha vyombo vya msiba. Ndiye aliyeshinda.

Matokeo yalipotoka nilikimbilia kaburini. Nikakuta limeshasakafiwa. Nikamwaga udongo wangu juu ya saruji, ukabaki hapo juu. Nililia, wapendwa, nikaikata ile hirizi na kwenda kumwambia mke wangu kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mahindi hayakuwepo?"

Asante, mke wangu, kwa kubaki. Asante, mchungaji, kwa kunivua uzee wa kanisa bila kunifungia mlango.

Nanyi, wakija tena kuomba kura, msiishie kuuliza wanasali wapi. Wapelekeni msibani, muwatazame mikono.