Ramani za Kihoto

Basi likiacha Kikopey, Shiko alikuwa akichora kwenye laptopu mipaka ya ploti za mtaa wao wa Kihoto, Naivasha, zilizomezwa na ziwa, ushahidi pekee wa majirani zake kwamba ardhi ile ni yao. Mafuriko yalikuwa yameshamharibia laptopu moja.

"Sasa kila nikibadilisha faili, inajituma yenyewe kwa kompyuta ya dadangu Nakuru," alimwambia mzee aliyeketi kando yake. "Maji hayanipati tena."

"Na ukifuta kimakosa?"

"Inafutika huko pia. Lakini mimi sifuti ovyo, mzee."

"Ziwa nalo liliwaambia linakuja?"

Shiko, asiyependa swali zuri la mtu asiyemjua, akaanza kutafuta namna ya kuzuia faili za Nakuru zisifutwe. Kondakta akaita Naivasha. Shiko alishuka laptopu ikiwa wazi mikononi kama sinia.

"Na uweke nakala ya pili!" mzee akapaza sauti dirishani.

"Ngoja kwanza nimalize hii!"